Sauti Iliyochelewa Darasani

Morag alisema, darasa likarudia. Kisha darasa lilipokwisha kunyamaza, sauti moja ikarudia tena.

Alidhani ni mzaha. Wanafunzi humjaribu mwalimu mgeni, hilo liko dunia nzima. Akatazama dawati la nyuma, lile la chini ya dirisha la mtoni. Tupu. Akatamka sentensi nyingine ya Kiingereza chepesi, ya kujitambulisha. Wakarudia kwa pamoja, makoti mwilini, mvuke ukiwatoka midomoni, wakanyamaza. Na kule nyuma, polepole kama mtu anayeonja mchuzi, sauti ya mwanamke ikasema: "Naitwa Morag."

"Nani huyo?"

Wakainamia madaftari yao. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtia baridi, kwamba hakuna aliyecheka.

Alikuwa ametoka Uskoti, mwanamke mwenye nywele za manjano na sauti safi kama kengele ya kondoo. Kwao alikuwa ameuza hata kitanda. Alikuja Naryn, mji wa milimani katika nchi ya Wakirigizi, kwa sababu Kiingereza ndicho kitu pekee alichokuwa nacho mkononi. Kushona hajui, kupika hajui, kukamua ng'ombe usimwambie. Mkurugenzi wa chuo alimweleza wazi: ajira kamili ataipata siku yeye mwenyewe atakapoketi darasani na kumsikiliza, na akiridhika. Asiporidhika, basi la kwenda Bishkek, mji mkuu, linajulikana lilipo.

Alipanga kwa Zuurakan, mjane wa ulimi mkali ambaye nyumba yake na chuo vilitazama mto uleule. Zuurakan alimfumia soksi nene nyekundu na kumfundisha maneno machache ya Kikirigizi: mama, mkate, chai, asante.

"Mama, chai," Morag alisema kila asubuhi, na Zuurakan alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kama kondoo mwenye mafua," alikuwa akisema. "Kunywa, mwanangu. Umekonda kama fimbo ya mchungaji."

Mkalimani wao alikuwa Begimai, mwalimu mwenzake Morag, binti mwenye akili nyingi aliyekuwa akingojea mtihani wa kwenda kusoma ng'ambo. Kila asubuhi alimpitia. Siku moja yeye na Zuurakan walimkuta Morag dirishani, anachana nywele na kutupa mafundo ya manjano mtoni.

"Anatupa nini huyu?" akauliza Zuurakan.

"Nywele, mama. Anasema kwao ndege huziokota na kujengea viota."

"Ndege gani na theluji hii? Mwambie nywele huchomwa. Kule chini yupo mwenye kuziokota, naye si ndege. Akishapata nywele zako atataka na kilichomo kifuani. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Begimai akatabasamu, akamgeukia Morag. "Mama anasema unachafua mto."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mtu asitafute mahali pengine. Neno ulilopewa ulifikishe, ulifikishe lote. Morag aliomba radhi kwa uchafu, na kesho yake akatupa nywele nyingine, kidogo kidogo, kwa adabu.

Baada ya sauti ile ya darasani, likaanza jambo la maneno. Morag alinyoosha mkono kuonyesha dirisha, akafungua mdomo, na neno la dirisha halikuwepo. Halikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mahali pake palikuwa shimo, kama unapopeleka ulimi kwenye jino lililong'olewa. Kule nyuma sauti ikalitamka neno hilo, na safari hii haikuwa sauti ya mtu mwingine. Ilikuwa yake Morag, kengele ileile.

Likaenda neno la mlango. Likaenda neno la mvua. Kila alichokitamka na kikarudiwa vizuri kule nyuma, hakikurudi kwake tena. Na darasa likanuka. Lilinuka pafu bichi la kondoo lililolowekwa majini, na mbao za sakafu chini ya dawati lile zikawa zina unyevu hata jiko likiwaka.

"Begimai," alinong'ona Morag katika chumba cha walimu, akitafuta maneno kama mtu anayepapasa gizani, "wewe pia unaisikia. Niambie kweli."

Begimai aliweka kibakuli cha chai chini. "Naisikia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeondoka. Aliyekuwepo kabla yako alikimbia theluji ya kwanza. Sisi tukabaki na kanda za zamani za Kiingereza." Akashusha sauti zaidi. "Na wanafunzi wanaongea, dada. Hujaona? Hawajawahi kuongea hivi. Ile sauti inatamka vizuri kuliko kanda."

"Inatamka kwa kinywa changu."

Begimai akachukua madaftari yake, akatoka.

Siku moja kabla ya mkurugenzi kuja kusikiliza, Morag alirudi nyumbani akaketi jikoni na koti lake, akaonyesha mdomo wake, akatikisa kichwa. Hakuwa na Kiingereza hata cha kulilia. Zuurakan alimshika kidevu, akamnusa nywele, na uso ukambadilika. Hakumngojea mkalimani. Alijitupia shali akaenda kumleta Saikal, mwanamke wa ng'ambo ya daraja, ambaye kazi yake, kama ya bibi yake, ni kuwafukuza albarsti, yale majini ya mtoni yenye nywele za manjano.

"Linabeba linachoiba mpaka mtoni," alisema Saikal, mjeledi kiunoni. "Likikizamisha, basi. Zuurakan, wewe kaa hapa, moto usizimike. Na yule msichana anayejua kizungu aje, mimi kizungu sijui."

Chuoni wanafunzi walirudishwa makwao, Morag akasimamishwa mbele ubaoni. Umeme ulikuwa umekatika, jua linazama nyuma ya mlima, na darasa likawa la kijivu. Saikal akawasha matawi ya archa, mti wao wa kufukizia, katika kikaango, akazungusha moshi pembe zote, akamwambia Begimai: "Sema kitu. Kile anachosemaga mwalimu."

Begimai akasema salamu ya asubuhi. Kukawa kimya. Kisha kule nyuma salamu ikarudi, tamu, kamili, na moshi ulipofika kwenye dawati lile ukakataa kupita, ukapanda juu ukizunguka kitu, mabega, shingo, kichwa, mpaka wote watatu wakaona mwanamke ameketi pale, nywele za manjano zimemwagika kifuani zikidondosha maji, uso wa Morag, macho ya Morag, na mdomo wa Morag ukisema kwa Kiingereza kisicho na kasoro kwamba anaogopa, kwamba ametoka mbali, kwamba yule aliyesimama mbele ubaoni ndiye mwizi na tafadhali mtoeni, tafadhali, na machozi yakimtoka kama ya mtu, wakati yule wa ubaoni alifungua mdomo na kuufunga, akafungua na kuufunga, kama samaki aliyetupwa kwenye barafu.

Saikal alitazama mmoja, akatazama wa pili. Mjeledi ukabaki juu.

"Nywele zilezile, uso uleule, na wa nyuma ndiye mwenye ulimi," alisema. "Msichana, wewe ndiye unayemjua. Mwalimu wenu ni yupi?"

Begimai alitazama sakafuni. Wa mbele alivaa soksi nyekundu, ndani ya viatu vyenye vumbi la chaki. Wa nyuma alikuwa miguu mitupu, na chini yake maji yalikuwa yakienea. Aliona. Alipata muda wa kuona. Akaufikiria mtihani, akamfikiria mkurugenzi atakayekuja kesho na kukuta mwalimu bubu, akazifikiria kanda za zamani.

Akaonyesha dawati la nyuma.

"Mama," alisema Morag kwa Kikirigizi, kwa sababu hayo ndiyo yaliyobaki. "Mama. Chai. Mkate. Asante."

"Limeanza kuiba hata maneno ya kwetu," alisema Saikal, akampiga.

Alimfukuza kwa mjeledi na moshi, nje ya mlango, chini ya ngazi, mpaka ukingoni, na barafu ikasikika ikipasuka mara moja tu.

Kesho yake mkurugenzi aliketi darasani, akatoka akiwa ameridhika sana. Alisema hajawahi kusikia mwalimu anayetamka vile.

Zuurakan hakuridhika. Usiku ule wa mjeledi, mwenye nywele za manjano alipogonga, alimtazama miguu. "Soksi zangu ziko wapi?" akamwuliza. Yule akajibu Kiingereza kirefu, kizuri. Zuurakan akamfungia mlango usoni. Na jioni moja alipokuwa akimwaga majani ya chai dirishani, sauti ikapanda kutoka chini ya barafu, sauti ya kondoo mwenye mafua: "Mama, chai."

Tangu hapo kibakuli huwekwa dirishani kila jioni. Asubuhi huwa kitupu.

Begimai alikuja kuchukua begi la mwalimu. Mwalimu mwenyewe alibaki getini, akijichana. Zuurakan alisimama mlangoni, asimpishe.

"Nitakuuliza mara moja, na unijibu kwa lugha ya mama yako," alisema. "Siku ile, ulijua ni yupi?"

Begimai alifungua mdomo kukana. Lilikuwa neno moja, la kwanza ambalo kila mtoto hujifunza. Akalitafuta. Akapeleka ulimi mahali lilipokuwa likikaa siku zote, akakuta shimo.

Kutoka getini, kwa sauti ya Begimai mwenyewe, mtu akasema kwa Kikirigizi safi: "Hapana, mama."