Jezi ya Golikipa Mskoti

Mnanichosha na hadithi hii. Mngemuuliza Vestine mwenyewe, rafiki yangu fundi cherehani wa Jeppestown hapa Johannesburg, maana yeye ndiye yaliyompata. Ila yeye akifika sehemu ya giza huishia hapo.

Mwaka 2010 mzee mmoja Mskoti wa Kensington, mtaa wa jirani, aliwapa vijana wa timu yetu ya Warundi jezi za klabu ya mji wake mdogo, klabu iliyokwisha kufa. Ya golikipa akawapa imekunjwa. "Mwenyewe alifia golini. Kwetu huwa haivaliwi, inatunzwa tu."

Golikipa wetu Gervais akaapa kuitunza, na Jumapili hiyohiyo akaivaa. Hakufungwa hata bao. Akamtaka Vestine ashone jina lake mgongoni.

Vestine akaenda kuichukua kwenye chumba cha wachezaji. Umeme ukakatika. Akasikia viatu vya kuchezea mpira vikitembea sakafuni, ko, ko, ko, vikasimama nyuma yake.

"Gervais, acha utoto!"

Akapapasa, akaishika jezi. Ilikuwa inachuruzika maji baridi na matope, na Juni hapa Joburg hakuna mvua kabisa.

Akampelekea Gervais hivyo hivyo. "Mwanangu, irudishe kwa mzee."

"Eish, mama! Maiti anadaka mpira?" Akacheka, akaivaa mbichi.

Aliirudisha kwa mzee mikono yake ilipokwisha kumkataa. Hata kijiko hakishiki. Mkewe Joséline humlisha kama mtoto. Lakini watoto wakipiga mpira barabarani, mikono ile huinuka yenyewe kuudaka.