Kusimama kwa Mama Lavinia

Packard nyeusi ilikata kona ya Mtaa wa Barrington bila kupunguza mwendo.

Luteni Idella Zinck akakanyaga mafuta. Ford yake ililalamika, ikaitika. Ukungu ulikuwa umeifunika bandari ya Halifax tangu asubuhi, na mabaharia waliotapakaa barabarani walijitupa pembeni huku wakimmiminia matusi ya kila bandari waliyowahi kutia nanga.

Hakuwajibu. Macho yake yalikuwa kwenye taa mbili nyekundu zilizomtangulia.

Zikawaka zaidi. Packard ikasimama.

Redio iliyofichwa chini ya dashibodi ikakoroma.

"Kunguru, uko wapi?"

"Nyuma yake. Ameshuka."

"Anaelekea wapi?"

"Duka la dawa. Anaingia kwenye kibanda cha simu."

Kapteni Strickland, mkuu wa ujasusi wa majini, akauliza polepole: "Mtu mwenye simu nne mezani anatafuta nini kwenye simu ya duka la dawa?"

Ndilo swali ambalo Idella alikuwa amelisubiri kwa miezi. Aliingiza mkono ndani ya koti, akaishika bastola yake ya Browning. Ilikuwa ya baridi.

Mtu mwenyewe alikuwa Komodoro Anselm Wentzell. Alhamisi alfajiri bendera ya uadmeri ingepandishwa kwa ajili yake, akabidhiwe kundi zima la manowari za Atlantiki, na kazi yake ya kwanza ingekuwa kuwavusha askari elfu kumi na moja hadi Uingereza. Tatizo lilikuwa moja. Misafara mitatu aliyoiongoza mwenyewe ilikutwa na nyambizi za adui zikiisubiri nje ya bandari kana kwamba zimealikwa. Makamanda wengine walipita salama. Yeye alipita, lakini meli zilizomfuata zilizama.

Katika moja ya meli hizo, msafara wa Machi, alikuwamo Burton Zinck, mchochea tanuri. Mdogo wake Idella. Wa pekee.

"Ukimshika, mlete kimya kimya," Strickland alisema. "Bendera itampandia mwingine."

"Na nikikuta hana kosa?"

"Basi niambie ni nani. Nipe jina kabla ya Alhamisi, la sivyo namkamata hivyo hivyo."

Idella alishuka.

Aliusukuma mlango wa kibanda kwa bega na kumkandamiza mtu yule bastola ubavuni.

"Weka simu chini, afande."

Wentzell aliitazama bastola, kisha akamtazama mwenye bastola. "Wewe si binti wa Zinck, yule mshona matanga wa Heckman Cove?"

"Nimesema weka chini."

"Sijapata hata laini."

"Ulikuwa unampigia nani?"

Hapo komodoro, mtu mzima wa miaka hamsini, kifua kimejaa nishani, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu mzazi, Zinck! Kuna mama wangapi?"

Walikaa ndani ya Packard, vioo vimefungwa. Idella hakuirudisha bastola kwapani. Aliilaza mapajani, mdomo wake ukimwelekea komodoro.

"Anza," alisema.

"Baba na kaka zangu wawili walitoka kuvua siku moja kabla ya siku waliyosema," Wentzell alianza. "Mama alikuwa Bridgewater kwa dada yake. Hakuwaaga, hakuwasimamia kanisani. Ikaja dhoruba ya Agosti. Hawakurudi."

"Hilo kijiji kizima kinalijua."

"Basi na hili lijue. Siku niliyokwenda chuo cha wanamaji alinikamata kola. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Akasema, nenda, lakini hutatoka baharini hata mara moja bila kuniambia. Nikaapa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nimemwambia nikiwa kuruta wa kusugua sitaha. Nimemwambia nikiwa luteni natapika kila wimbi. Nilipopewa meli yangu ya kwanza, kikopo kibovu cha kutegua mabomu, nilimwambia. Nilipopewa manowari. Nilipovishwa ukomodoro. Situmii simu ya ofisi kwa sababu wale mabinti wa mitambo wanasikiliza. Unaniona mjinga?"

"Mwingine unamwambia nani?"

"Hata mbwa wangu simwambii."

"Na yeye anamwambia nani?"

"Mama Lavinia? Mng'oe kucha uone kama atasema neno."

Ilikuwa kweli. Mama Lavinia Wentzell ndiye aliyemfundisha Idella kufuma soksi, na katika miaka yote ile hakuwahi kumsikia akimsengenya hata jirani.

Hapana. Hakusema neno.

Kisha Idella akakumbuka wimbo. Heckman Cove, kila Jumatano, mwishoni mwa ibada ya jioni, huimbwa wimbo wa walio baharini. Watu huimba wamekaa. Anayesimama ni yule tu ambaye mtu wake anatoka. Idella alikuwa ameiona desturi hiyo tangu utotoni, akaizoea kama ukuta wa nyumbani. Tangu vita vianze, akina mama wengi walisimama kila Jumatano, maana hakuna aliyewaambia siku. Mama Lavinia peke yake alisimama siku moja tu.

Jumatano ya kabla ya siku aliyoambiwa.

"Afande," alisema. "Huwa anasimama."

"Nani?"

"Mama yako. Kanisani. Mbele ya kila mtu."

Wentzell alifungua mdomo ili ambishie. Kisha Idella akaona jambo lile likimwingia. Lilimwingia polepole na likamharibu uso. Mkono wake ulikwenda kwenye kitasa cha mlango, ukabaki pale pale.

"Mdogo wako," alisema mwishowe. "Machi."

"Ndiyo."

"Mungu wangu, Zinck."

Kwa miezi Idella alikuwa amemchukia mtu asiyemjua, na leo amempata, kumbe ni mtoto aliyempigia mama yake simu. Alitamani mtu huyu angekuwa msaliti. Msaliti angemrahisishia maisha.

"Nakwenda kwa Strickland," Wentzell alisema. "Nivuliwe hivi vyeo."

"Utavuliwa baadaye. Yuko mtu pale kanisani anayeangalia, na bila wewe simpati."

Alirudi kwenye Ford, akainua kipaza sauti.

"Meli ziko tayari?"

"Tangu jana," Strickland alijibu. "Kwa nini?"

"Zitoke leo, jua likizama. Wentzell aongoze."

"Umerukwa na akili?"

"Adui aambiwe ni Alhamisi. Mimi nitahakikisha anaambiwa."

"Unamwamini mtu huyo?"

Idella alimtazama kupitia kioo. Alikuwa ameegemea Packard, kofia mkononi, nywele zinalowa ukungu.

"Namwamini."

"Ukikosea nitakunyonga, Kunguru."

"Sawa."

Akamrudisha komodoro kibandani. Safari hii mlango aliushikilia wazi ili asikie.

"Mama? Mimi hapa. Alhamisi, Mama. Alfajiri. Ndiyo, nina fulana ya sufu. Ndiyo, nakula. Kabichi yako wameimaliza vijana. Alhamisi, Mama, umesikia? Haya. Kaa salama."

Alikirudisha kipokeo mahali pake kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Miaka thelathini na mitano," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

Jioni ile msafara ulipita kwenye wavu wa kuzuia nyambizi, meli moja baada ya nyingine, taa zimezimwa. Bendera ya uadmeri ilipanda mlingotini ukunguni. Hakuna bendi iliyopigwa wala mtu aliyepiga makofi.

*

Jumatano. Heckman Cove.

Idella alikaa benchi la nyuma, koti la kiraia, Browning kwapani. Wengine walimtazama mchungaji. Yeye aliwatazama wao.

Wimbo ukaanza.

Mama Lavinia akasimama. Mwembamba, kofia nyeusi, mikono imeshika benchi la mbele. Aliimba kwa sauti ya juu iliyokwaruza, na hakuona haya. Idella ilibidi aangalie pembeni. Kumtumia mama mzee aliyekuwa akimwombea mwanawe kulimtia aibu, na hakuna mafunzo yoyote aliyopewa kambini yaliyokuwa na dawa yake.

Nani anatazama?

Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyekonyeza wala kuangalia saa. Ibada ikaisha, watu wakatoka wakizungumzia bei ya samaki. Kinanda kikubwa cha kanisa kikawasindikiza kutoka kule juu roshani.

Idella alibaki.

Muziki ulipanda, ukashuka, ukatua kwenye sauti za mwisho. Zikaendelea. Zikaendelea tena. Sauti zile zile nne, bila kupanda wala kushuka, hadi vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka.

Hakuna mpigaji anayeshikilia hivyo.

Alivua viatu, akapanda ngazi.

Kiti cha mpigaji kilikuwa kitupu. Juu ya vibonye vilikaa vipande vinne vya madini ya risasi, vile ambavyo wavuvi hufunga kwenye nyavu, vikivikandamiza. Juu ya kinanda kilining'inia kioo kidogo cha kumwezesha mpigaji kumwona mchungaji. Ndani ya kioo benchi la Mama Lavinia lilionekana lote.

Nyuma ya mabomba ya kinanda mlango mwembamba ulikuwa wazi. Ndani, amechuchumaa, hedifoni masikioni, alikuwamo Cornelius Vreede. Mkimbizi wa Kiholanzi, mpole, aliyefundisha watoto kuimba na kula chakula cha Jumapili katika kila nyumba ya kijiji. Waya ulipanda kutoka kwenye sanduku lake la redio ukapotelea mnarani. Kidole chake kiligonga. Ti-ti-taa. Ti-taa.

Idella alimlenga kisogoni.

Hakufyatua. Alimwacha agonge. Kila pigo lilikuwa linapeleka nyambizi mahali ambapo ndege za vita zilikuwa zinazisubiri.

Kidole kikatulia.

"Umemaliza?" aliuliza.

Vreede aligeuka na bastola ya Luger mkononi. Risasi ilipita juu ya bega la Idella, ikatoboa bomba la kinanda, na bomba likaanza kupiga mluzi. Idella alimpiga risasi ya mkono. Luger ikaruka. Vreede akamrukia kwa kichwa, wote wawili wakaangukia vibonye, na kanisa zima likaguna. Alimtia goti tumboni. Akamtia jingine, ambalo halikuwa la lazima.

"Mnaniona mimi adui," Vreede alitema damu akicheka. "Mimi nilitazama kioo tu. Kizee chenu ndicho kilichowaua."

Idella alimpiga kwa kitako cha bastola. Akanyamaza.

Kisha aliviondoa vile vipande vinne kimoja kimoja, hadi kanisa likawa kimya.

*

Alhamisi asubuhi simu ya nyumba ya mchungaji ililia.

"Nyambizi nne zilijipanga mlangoni mwa bandari," Strickland alisema. "Tatu hazitaibuka tena. Moja imekimbia inavuja mafuta. Bahari ya mashariki iko wazi, na admeri wetu yuko ndani yake, hajaguswa."

"Bado safari ndefu."

"Bado. Hakuna kumwambia mtu yeyote kwamba wametoka. Hata mama yake. Hasa mama yake. Rudi Halifax, kuna kazi."

Alikuwa ameshafika kwenye gari alipoona mlango wa kanisa uko wazi.

Mama Lavinia alikuwa kwenye benchi lake, peke yake, koti limefungwa hadi shingoni. Hakugeuka.

"Ni wewe, Idella? Njoo ukae."

Akakaa.

"Wanasema yule mwalimu wa kwaya alikuwa na redio."

"Ndiyo, Mama."

"Na kioo chake. Nimepanda juu nikakiona. Magoti yangu haya, nimepanda." Alitazama mikono yake. "Kinaonyesha hapa nilipo."

Idella aligeuka, akakitazama kule roshani.

"Usinifiche. Mara zile tatu. Nilisimama."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, laini kabisa, kazi yake aliijua. Lakini mama huyu alikuwa amekwisha kudanganywa mara moja wiki hii.

"Ulisimama, Mama."

"Na Burton?"

"Na Burton."

Mama Lavinia alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Machozi hayakuja. Alitafuta mkono wa Idella, akaushika kwa nguvu ambazo hazikutarajiwa, na Idella, aliyekuwa hajamlilia mdogo wake tangu Machi, alilia hapo, kwa sauti, bila kuficha uso.

Ilichukua muda.

"Anselm alisema Alhamisi," mama mzee alisema walipotulia. "Leo ni Alhamisi. Nilipanda hadi kilimani alfajiri. Ukungu umeondoka na sikuona meli hata moja. Amekwishatoka. Sivyo?"

"Siwezi kukuambia."

"Baba yake alitoka hivyo hivyo."

"Najua."

"Wale nisiowasimamia hawarudi, Idella. Na niliowasimamia nimewaua." Mikono yake ilishika benchi la mbele. Mwili uliinuka nusu, ukaogopa, ukarudi chini. "Sasa nifanye nini? Nisimame au nikae?"

Agizo la Strickland lilikuwa wazi. Idella alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Simama, Mama," alisema. "Sasa hakuna anayeangalia."

Alimshika kiwiko hadi magoti yakanyooka. Kisha akavaa glavu zake, akatoka nje bila kugeuka, akawasha Ford. Nyuma yake sauti ile ya juu, iliyokwaruza, ilikuwa imeanza kuimba bila kinanda.