Jina la Kuvukia

Asubuhi hiyo Wawira alikuwa uani, nyuma ya chumba alichopanga pale Bondeni mjini Nakuru, akikanda unga wa maandazi, aliposikia rafiki yake Nabalayo akigonga mlango wa mbele.

"Cheptanui! Uko?"

Kabla Wawira, aliyejulikana Bondeni kwa jina hilo, hajafungua kinywa, mtu akaitika kutoka ndani ya chumba.

"Ee. Ngoja."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu anayesumbuliwa na kifua. Wawira akaganda, mikono ndani ya karai. Mtoto aliyeishi naye alikuwa ameenda mferejini. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, kitanda, meza na pazia katikati, na ni yeye aliyekuwa ametoka humo sasa hivi. Akaingia mbio na unga mikononi. Hakukuta mtu. Alikuta harufu ya maua ya pareto, ile inayotoka yakianikwa juu ya moshi wa kuni mbichi, na kule Bondeni hakuna mtu aliyewahi kuanika pareto.

Alipofungua mlango, Nabalayo alimtazama usoni.

"Mbona unaitika kama mgonjwa?"

"Kifua kidogo tu, dada. Baridi ya jana."

Nabalayo akaingia, akakaa, wakanywa chai. Wawira alimwambia habari za bei ya unga, akacheka mahali pa kucheka, lakini macho yake hayakuliacha pazia.

Jina la Cheptanui halikuwa lake. Kwao ni Embu, na huko ndiko alikoolewa, na huko ndiko mume alikomrudisha kwa baba yake baada ya miaka mingi bila mtoto. Aliona haya kukaa nyumbani akitazamwa, akaenda kutafuta kazi ya kuchuma pareto kwenye shamba la mzungu upande wa Molo. Hapo alikutana na Cheptanui, mjane wa Kikipsigis mwenye kitoto cha kike mgongoni, Chepkemboi. Wanawake hao wawili walikaa kibanda kimoja, wakapikiana, wakafundishana lugha mpaka Wawira akawa anagombana na watu kwa Kikipsigis. Ikaja emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Malori yakaanza kupita mashambani kukusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na aliyepandishwa hakujua atashushwa wapi. Wiki hiyohiyo Cheptanui alishikwa na homa ya mapafu. Akiwa anakufa alimshika Wawira mkono.

"Chukua jina langu uvukie," alimwambia. "Ukiulizwa barabarani, wewe ni mimi. Na ukivuka, mpeleke mtoto kwa mama yangu, Keringet. Niahidi."

Wawira aliahidi. Alimzika rafiki yake peke yake, kando ya msitu, bila mtu kulia, akamfunga mtoto mgongoni na kushika njia. Pale Sachangwan askari walimsimamisha. Akasema yeye ni Cheptanui, na mtoto akalia, wakamwacha apite. Lakini hakwenda Keringet, aliteremka mpaka Nakuru. Alijiambia atakwenda mvua ikipungua. Kisha akajiambia atakwenda barabara zikitulia. Ukweli ni kwamba mtoto alikuwa amemwita mama, na hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Sasa ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, Wawira ameingia miaka ya arobaini, na Jumapili iliyopita, mtoto alipobatizwa, mchungaji aliuliza mbele ya kanisa zima ni nani aliyemzaa, na Wawira akajibu, "Ni mimi."

Baada ya siku ile ya maandazi, sauti haikukoma. Mwenye nyumba alipita kudai mfagio wake, akaita, akajibiwa kutoka nyuma ya pazia. Muuza mkaa aliita, akajibiwa. Wawira akaanza kukaa kizingitini ili awahi kuitika yeye, lakini hata akiwahi, kinywa chake kilifunguka bila sauti na ile nyingine ikatoka ndani, imetulia, kama mtu aliye kwake.

Halafu jioni moja alirudi kutoka kuuza maandazi akamkuta Chepkemboi ameketi kitandani, amesukwa nywele. Zilikuwa zimesukwa mistari myembamba inayozunguka kichwa, na zimepakwa siagi. Wawira hakujua kusuka hivyo. Alimjua mtu mmoja tu aliyejua.

"Nani amekusuka?"

Mtoto akamtazama kama anayetaniwa. "Si wewe, mama."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Umeenda hapo nyuma ya pazia ukaingia tena kwa mlango." Kisha akageuka kuelekea pazia. "Mama!"

"Ee," pazia likajibu.

Wawira alimnyakua mtoto akatoka naye nje, akasimama uani jua likizama, na hapo ndipo alipoona jinsi alivyofungiwa, maana akibaki humo ndani atanyang'anywa mtoto kidogo kidogo mbele ya macho yake, na akitoka Bondeni bila kibali atakutana na kizuizi cha askari, na kizuizini ataulizwa jina, na jina alilo nalo halimtoki tena mdomoni, na lile lake mwenyewe ndilo hasa wanalolitafuta. Walirudi ndani kwa sababu king'ora cha kafyu kilikuwa kimelia.

Nabalayo aliona rafiki yake anakonda, akaleta akina mama wa kanisa. Walikuja mchana, wakafunga duara, wakaweka mikono juu ya kichwa cha Wawira. Kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kutikisa mabati.

"Tunakuamuru, roho mchafu, mwachilie Cheptanui!"

"Ee," sauti ikaitika nyuma ya pazia.

Mama yule akarudia, sasa kwa sauti ya chini. "Mwachilie... Cheptanui."

"Ee. Niko hapa. Mnataka nini?"

Na pazia, ambalo halikuwa na dirisha nyuma yake wala upepo wa kulisukuma, likatokeza polepole umbo la mtu aliyekuja kulisimamia kwa upande wa pili, paji la uso, kisha pua, kisha mdomo uliokuwa ukivuta kitambaa ndani na kukitoa, ndani na nje, kwa pumzi fupi za mtu anayekufa kwa mapafu. Akina mama waliondoka wakisukumana mlangoni, mmoja akaacha kiatu.

Nabalayo peke yake alibaki. Alimshika Wawira bega, akamtoa uani, akamkalisha juu ya debe.

"Yule aliyeitika ni nani?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Ni Cheptanui."

"Basi wewe ni nani?"

Wawira akamwambia. Alimwambia yote, kibanda cha Molo, kaburi, ahadi, na mtoto. Alipomaliza, Nabalayo alifuta mikono kwenye leso, mikono iliyokuwa mikavu tangu mwanzo.

"Mume wangu alipokufa ulilala kwangu mpaka nikaweza kulala peke yangu," alisema mwishowe. "Nimekuambia mambo ambayo hata dada zangu hawayajui. Na wewe, jina tu ukaninyima?"

"Wangekukamata kwa kunificha."

"Hiyo ni juu yangu. Ungenipa nafasi ya kukataa au kukubali mwenyewe." Machozi yalimlenga, akayazuia. "Sasa sikia, Wawira." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mtu kumwita hivyo, na Wawira alishtuka kama aliyeguswa kwenye kidonda. "Yule hakutaki wewe. Anataka mtoto afike kwa nyanya yake. Mpeleke."

"Nikimpeleka nitabaki nani?"

Nabalayo akasema tu, "Nitakusindikiza. Jumatatu nitaenda kuomba kibali."

Jumatatu haikufika. Jumamosi, kukiwa kumekucha tu, askari waliizunguka Bondeni. Kila mtu alitolewa nje na kuchuchumalishwa uwanjani, wanaume huku, wanawake kule, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akawa anapitishwa mbele yao, akitikisa kichwa kwa aliyemtambua kuwa anatafutwa, au kutotikisa. Nyuma yake alikuja karani akisoma majina ya wapangaji, na kila aliyeitwa alisimama akaitika. Wawira alimshikilia Chepkemboi kifuani. Nabalayo alikuwa pembeni yake.

"Cheptanui!"

Wawira akasimama. Akafungua kinywa. Koo likafunga kabisa, kama limeshikwa na vidole.

"Ee!" sauti ikatoka kwenye mlango wa chumba chake, upande wa pili wa uwanja. "Nakuja!"

Uwanja wote ukageuka. Mlango ulikuwa wazi, na ndani giza. Inspekta akatuma askari wawili, wakaingia na bunduki mbele. Walitoka wamebadilika rangi, wakasema hamna mtu, lakini mmoja alikuwa anajifuta shavu kwa nguvu, anafuta na kufuta, kama ameguswa na kitu chenye unyevu.

Karani alirudi kwa Wawira. "Kama Cheptanui ameitika kule, wewe ni nani?"

Wawira akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

Inspekta akainama kwa mtoto. "Huyu ni mama yako?"

Chepkemboi akamtazama Wawira. Kisha akatazama mlango wa chumba, na uso wake ukafunguka kwa tabasamu, kama mtoto anayeona mtu akimpungia mkono.

"Ni dada yangu!" Nabalayo alidakia, akisimama. "Ni Mbukusu kama mimi, bwana mkubwa. Amekuja juzi kutoka Kimilili. Anaitwa Nekesa. Ni bubu kidogo."

Karani akasita. Yule wa gunia naye alisimama bila kutikisa kichwa. Ingewezekana. Wawira alihitaji tu kuitikia kwa kichwa, awe Nekesa, avuke tena. Akamtazama Nabalayo, mjane asiye na mtu mwingine pale Nakuru, na akajua kwamba uongo huo ukigundulika ni wote wawili watakaopandishwa lori. Akambusu mtoto utosini, juu ya ile misuko asiyoweza kuisuka, akamweka mikononi mwa rafiki yake.

"Mimi ni Wawira," alisema, na koo likaachia mara moja, maneno yakatoka wazi, yakasikika uwanja mzima. "Kwetu ni Embu. Huyu mama hanijui. Nilimdanganya kama nilivyowadanganya wote."

Walimsukuma kuelekea lori. Aligeuka mara moja tu akapaza sauti kwa Nabalayo. "Keringet! Mpeleke Keringet!"

Alipelekwa kwenye kambi ya kuchujia watu nje ya mji, yenye seng'enge na vibanda vya bati. Alihojiwa asubuhi na jioni. Hata hivyo usiku wa kwanza alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameulala tangu Molo. Hakuna aliyeitika mahali pake. Wanawake wenzake walimwita Wawira, naye akaitika, na sauti ilikuwa yake.

Mvua zilipoanza, Nabalayo aliruhusiwa kuleta chakula. Walisimama na seng'enge katikati. Nabalayo alikuwa amezeeka.

"Mtoto?" Wawira aliuliza kabla hata ya salamu.

"Yuko Keringet. Aliwatajia jina langu, na mjomba wake, Kipketer, alikuja Bondeni kunishukuru."

"Asante, dada yangu. Mungu akubariki kwa kumpeleka."

Nabalayo akatazama nyuma, askari alikuwa mbali. "Sikumpeleka mimi," alinong'ona. "Siku ile ile, lori lako likiwa halijafika kona, niliinama kuokota leso yangu. Nilipoinuka mtoto hayuko. Tulimtafuta Nakuru nzima. Kipketer anasema alifika kwao kabla jua la siku hiyo halijatua, Wawira. Siku hiyo hiyo, na gari hakupanda. Miguu haikuwa hata na vumbi. Nyanya yake akamuuliza ameletwa na nani, akasema ameletwa na mama, wameachana hapo kwa lango la ng'ombe. Wakatoka mbio kuangalia. Hapakuwa na mtu."

Wawira alishika seng'enge. Machozi yalimtoka, na hakujua kama ni ya uchungu au ya kupumzika. "Basi amekwisha kupata alichotaka. Atalala."

"Ngoja," Nabalayo alisema. "Nyanya alimuuliza mtoto mbona mama yake hakuingia nyumbani. Mtoto akasema mama hana nafasi. Amesema anarudi kwa rafiki yake, kwa sababu huyo rafiki amebaki peke yake."

Askari akapiga filimbi, saa za wageni zikaisha.

Jioni hiyo mvua ilipiga mabati mpaka watu wakawa wanasemezana kwa ishara. Askari wa kike alifungua kibanda, akawaamuru wanawake waketi kwa mstari kwenye mikeka, akawahesabu akiwagusa vichwa kwa fimbo. Alifika mwisho, akakunja uso, akarudi kuanza upya. Mara ya pili alisimama mlangoni, akimulika nyuso kwa taa ya mkononi.

"Mmezidi mmoja," alisema. "Nani ameingia humu?"

Mlango ulifungwa kwa nje, komeo likalia. Wawira hakugeuza kichwa. Akasogea taratibu kwenye mkeka wake, akaacha nafasi ya mtu mmoja.