Kofia Mbele ya Msalaba

"Tai, umemwona?"

"Nimemwona."

"Ametoa ishara?"

Nereida Cantú alikuwa amelala kifudifudi kwenye vichaka vya miiba, darubini ya Steiner machoni, bastola ya Glock 19 kiunoni, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Mbele yake barabara ya Kumi na Sita ilinyooka kutoka Zapata kwenda Hebbronville. Pikapu nyeupe ilikuja taratibu. Ilipofika kwenye msalaba wa chuma uliosimama kando ya lami, dereva alivua kofia, akaiweka kifuani, kisha akairudisha kichwani.

"Ametoa," alisema.

"Basi ni yeye!" Kamanda Prewitt alifoka kwenye redio. "Quiroga mwenyewe! Trela liko nyuma yake. Kamata wote wawili!"

"Hapana."

Redio ilikoroma.

"Umesema nini, Tai?"

"Nimesema hapana, bosi. Kofia haitoshi."

Prewitt alitukana tusi moja la nguoni. Alijua vizuri kwa nini binti huyu amekataa.

Miezi kumi nzima Nereida alikuwa ameosha matrela kwenye yadi ya Baldemar Quiroga, mfanyabiashara wa nyama ambaye nyama yake nyingine ilikuwa binadamu. Aliwavusha wahamiaji mto wa mpakani, akawafungia kwenye trela la jokofu, akawapeleka San Antonio. Pale yadini, akiwa na ndoo mkononi na kitambaa kichwani, Nereida alizinasa siri zao. Pikapu nyeupe hutangulia. Dereva wake akivua kofia pale msalabani, trela linajua njia ni salama. Asipovua, trela linakula kona na kurudi lilikotoka.

Alituma ujumbe huo Kitengoni, kikosi cha siri cha polisi kilichompeleka pale. Kitengo kikaupitisha kwa askari wa doria: simamisheni pikapu nyeupe, mwanamume atakayevua kofia msalabani.

Wakaisimamisha.

Ndani walimkuta mzee mmoja pamoja na mwanamke na mpwa wake wa kiume, midomo imewapasuka kwa kiu. Mzee aliwakuta wameanguka kwenye uzio wa shamba lake, akawapa maji, akawapakia kuwapeleka hospitali. Alipoulizwa kama alijua hawana karatasi, hakuzunguka. Alisema alijua.

Mzee huyo aliitwa Evaristo Cantú. Baba yake Nereida.

Na ule msalaba? Jamani, ule msalaba ulikuwa wa mama yake! Hapo ndipo gari lilipompindukia mama huyo, Herminia, na mumewe Evaristo ndiye aliyeuchomelea kwa mikono yake. Kaunti nzima hakuna mzee anayepita pale bila kuvua kofia. Quiroga aliuchagua kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wa pale pale, aliyekua akimwona baba yake akivua kofia kila walipokwenda kununua unga, angepaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hilo. Lakini alikuwa ameishi na majina ya uongo hadi ya kwake yakampotea. Alipoandika ule ujumbe aliona ishara tu. Hakumwona baba.

Mahakamani siri ya Kitengo haikutajwa. Askari aliyemsimamisha mzee alisema tu kwamba dereva alipoliona gari la doria alijifunika uso kwa kofia, na kwa hiyo akamtilia shaka. Wazee wa baraza wakaamini. Kusafirisha wahamiaji, miaka mitano. Evaristo alikuwa na miaka sabini na moja na moyo mbovu.

Leo saa nane mchana, majaji wa rufaa kule New Orleans wangeisikiliza kesi yake. Wakili wake, Ofelia Zamarripa, alikuwa na tumaini moja tu: serikali yenyewe ikiri kwamba mzee alisimamishwa kwa makosa.

"Niletee Quiroga," Prewitt alikuwa amemwambia Nereida. "Kesi safi, isiyo na tundu. Nitatia saini barua ya kukiri hapo hapo. Kabla ya hapo, siri ni siri."

Kwa hiyo asingeweza kumkamata Quiroga kwa kosa la kuvua kofia. Kama kofia ilitosha kwa Quiroga, ilitosha pia kwa baba yake.

Trela lilipita. Lori jekundu la Kenworth, ubavuni limechorwa ng'ombe anayecheka.

Nereida aliruka ndani ya gari lake la Ford na kuliwasha.

Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na kofia ya Stetson ya rangi ya majivu. Ya mzee. Magereza walimkabidhi yeye siku ile walipompokea baba. Jana usiku aliipiga brashi, akainyoosha ukingo kwa mvuke wa birika. Angeipeleka mwenyewe siku watakapomwachia, amvike, halafu amwambie. Kwamba ni yeye. Kwamba ule ujumbe ulitoka kwake.

Alikuwa bado hajamwambia.

"Unaendeleaje, Apá?" alimwuliza baba yake mara ya mwisho alipomtembelea gerezani.

"Siku hizi kichwa kinapata baridi," mzee alimjibu. "Na chapati zao za tortila ngumu kama soli. Wewe je, mbona umekonda hivyo? Hao unaowaoshea matrela hawakulishi?"

"Wananilisha, Apá."

"Waongo. Nikitoka nitakupikia mwenyewe."

Alikanyaga mafuta. Sindano ilipanda.

"Tai, sikiliza." Prewitt tena. "Una kile kisikilizio cha sumaku. Wakisimama popote, kibandike kwenye trela. Tutasikia kilichomo."

"Nikikibandika bila kibali, Quiroga atakwenda rufaa na atatoka anacheka."

"Unanifundisha sheria sasa?"

"Tangu mzee afungwe sijasoma kingine, bosi."

"Na wakifika San Antonio?"

"Hawatafika."

Alikuwa akijipa moyo tu. Roho ilikuwa juu juu.

Hebbronville. Kituo cha mafuta. Pikapu ilikata kushoto, trela likaifuata likihema. Quiroga alishuka, tumbo mbele, akaingia dukani. Dereva wa trela, kijana mmoja aliyeitwa Rolo, alishuka kunyoosha mgongo.

Nereida aliegesha kwenye pampu ya jirani. Akavaa kofia ya wavu na miwani ya jua, akajifanya hamnazo. Alianza kujaza mafuta. Pale ni mahali pa watu wote, na masikio hayahitaji kibali.

Alisikiliza.

Hakusikia kitu.

Hapo moyo ukamlipuka. Hakusikia kitu! Joto la kukaanga mayai juu ya bati, trela limeandikwa nyama iliyogandishwa, na mashine ya baridi ilikuwa kimya kabisa. Ameyaosha matrela hayo miezi kumi. Anajua mngurumo ule hauzimwi hata dereva anapokwenda kujisaidia. Nyama ya kweli ingekuwa imeshaoza.

"Kaka," alimwita Rolo, "nyama yako inaiva humo."

"Yakuhusu?"

"Hainihusu. Ila mashine yako imezima."

"Dada, jaza mafuta yako uende."

Ndipo ikasikika.

Tap. Tap. Tap.

Ilikuwa dhaifu, chini karibu na ekseli. Mtu alikuwa akigonga kwa pete, au kwa kijiko. Rolo aliisikia pia. Alimtazama Nereida, na uso wake ukabadilika rangi.

"Redio zote!" Nereida alisema kwenye kola yake. "Mashine ya baridi imezimwa, watu wanagonga kutoka ndani. Ninaingia. Leteni maji na ambulensi!"

Rolo alichomoka. Nereida alimtia ngwala, akamlaza chini, akamfunga pingu kwenye nguzo ya pampu. Mkasi wa kukatia chuma ulikuwa nyuma ya Ford. Aliukata mnyororo wa milango ya trela kwa mikato miwili.

Milango ilifunguka.

Joto lilimpiga usoni pamoja na harufu ya jasho na matapishi. Walikuwa wamelaliana, wanaume na wanawake, na mtoto mmoja wa kike aliyeshika kijiko cha bati. Alikuwa akiendelea kugonga hata mlango ulipokwisha kufunguka.

"Basi, mama," Nereida alimwambia, akamchukua mikononi. "Basi. Tumesikia."

Wote walikuwa hai.

Nyuma yake kitu kililia klik.

"Binti wangu wa ndoo," Quiroga alisema. Bastola yake ya Colt ilikuwa imeelekezwa mgongoni mwa Nereida. "Kumbe kunguru huyu ana mabawa. Mweke mtoto chini, ugeuke polepole."

Alimweka mtoto chini. Aligeuka. Hakugeuka polepole.

Teke lilikutana na kifundo cha mkono, Colt ikaruka chini ya trela, na kabla Quiroga hajaomboleza mkono wake alikuwa amelala juu ya lami na Glock sikioni. Askari wa doria walikuwa wanaingia kwa ving'ora. Nereida alimfunga pingu akimsomea haki zake neno kwa neno, bila kuruka hata moja.

Quiroga alicheka huku midomo yake imejaa mchanga.

"Na yule babu mliyemfunga badala yangu, hajambo? Mwenye pikapu kama yangu? Nilicheka wiki nzima."

Nereida alizikagua pingu. Mara mbili.

"Una haki ya kunyamaza," alisema. "Itumie."

Ilikuwa bado saa moja kabla ya saa nane.

"Kazi safi, Tai," Prewitt alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kibinadamu. "Sijaona kukamatwa safi namna hii. Nimetia saini. Imeshakwenda kwa wakili."

Aliketi nyuma ya Ford, akamtazama yule mtoto akinywa maji kwa kijiko chake. Alianza kupanga: mashuka mapya kwenye kitanda cha mzee, unga, maharagwe. Ampeleke kwanza msalabani au nyumbani kwanza? Msalabani kwanza. Angekataa kwingine.

Simu iliita.

"Ofelia! Umeipata saini?"

"Nimeipata. Nereida, uko na mtu hapo?"

"Niko na kaunti nzima. Majaji wamesemaje?"

"Hukumu imefutwa."

Nereida aliruka. Alicheka kwa sauti hadi askari wakageuka.

"Imefutwa? Kabla hawajasikiliza? Ofelia, wewe ni mchawi! Anatoka lini? Leo? Nina kofia yake hapa, naja moja kwa moja..."

"Nereida. Nisikilize, mdogo wangu."

Nereida aliacha kucheka.

"Si saini iliyoifuta. Mzee alipata shida ya moyo alfajiri. Walijitahidi. Amefariki saa tatu asubuhi." Ofelia alikuwa akilia sasa, hakujificha. "Mtu akifa rufaa yake ikiwa bado wazi, sheria inaifuta hukumu. Yote. Inakuwa kama hakuwahi kushitakiwa."

Saa tatu. Saa tatu tayari alikuwa amelala vichakani, akiutazama ule msalaba kwa darubini.

"Alijua?" aliuliza. "Kwamba ni mimi?"

"Hakuna aliyemwambia."

Hata hilo hakulipata, kumwomba radhi. Alikata simu. Alimwambia Prewitt kwamba anakwenda. Prewitt alisema kuna ripoti ya kuandika. Alizima redio.

Alirudi barabara ya Kumi na Sita peke yake, kofia ya mzee kichwani, imemkalia kubwa. Gari la doria lilikuwa likija upande wa pili. Alipofika msalabani aliivua, akaiweka kifuani, na machozi yakamjaa asione barabara.

Gari la doria liligeuka, taa za bluu zikawaka nyuma yake.

Alisimama pembeni. Askari kijana, mgeni, alikuja dirishani mkono kwenye bastola.

"Bibi, mbona umeficha uso uliponiona?"

"Sikukuona."

"Umeshika kofia hivi." Akaonyesha.

Kitambulisho cha Kitengo kilikuwa mfukoni. Hakukitoa.

"Pale ndipo alipofia mama yangu," alisema. "Namsalimia. Leo nawasalimia wawili."

Kijana aligeuka, akauangalia msalaba na maua yake ya plastiki kama vile umeota dakika ile.

"Napita hapa kila siku," alisema. "Sikujua."

"Sasa umejua. Ukimwona mzee anavua kofia hapa, mwache apite."

"Pole sana, bibi."

Nereida alivaa kofia ya baba yake, akawasha gari, akaenda zake.