Manyoya Mawili ya Kahawia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kisimani, Abbo alifungua banda na kuwakagua kuku wake mmoja mmoja. Walikuwa bantamu, kuku wafupi weupe ambao padri mmoja aliwaacha kwa mama yake Abbo alipohama kijiji cha Kiyeyi. Matetea walikuwa wawili, Malkia na Sista. Kifaranga wa Malkia alifungwa uzi mwekundu mguuni, wa Sista uzi wa buluu. Abbo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kwa miaka mitatu hakuwahi kukosea uzi.

Mwaka ule wa 1955, siku nne kabla ya maonyesho ya mifugo mjini Tororo, aliona manyoya mawili ya kahawia shingoni mwa jogoo wake bora. Alikuwa na uzi mwekundu.

"Yang'oe," alisema mjomba wake, Bartholomew. "Halafu muoshe kwa bluu ya kufulia. Wafugaji wote hufanya hivyo."

Abbo alimkumbatia jogoo kifuani. Kwenye maonyesho hayo serikali ingetoa jogoo mweupe wa mbegu safi kwa mfugaji ambaye Bwana Shamba angemwona anafaa. Bila jogoo huyo, rangi ya kahawia ingezidi kuenea bandani.

"Siyang'oi."

"Unamkatalia mjomba wako?"

"Sikukatai wewe, mjomba. Nakataa kung'oa."

Mjomba alimgeukia mama. Mama alikuwa akichambua mtama, wala hakuinua kichwa. "Jogoo ni wake. Akishindwa, asije kunililia."

Siku ya maonyesho, Bwana Shamba Okiror alipitisha vidole shingoni mwa yule jogoo, akasimama. "Haya ni nini?"

"Manyoya mawili ya kahawia, bwana. Yanatoka kwa tetea wangu Malkia. Wana wa Sista hawana."

Watu wakacheka. "Anamshitaki kuku wake mwenyewe!"

"Mbona hukuyang'oa?" Okiror aliuliza.

Abbo alimtazama usoni. "Ningeyang'oa, bwana, vifaranga wake wangezaliwa wameng'olewa?"

Kicheko kikakatika. Hata hivyo, Okiror alimwandikia nambari ya tatu. Kadi ya kwanza ilikwenda kwa Mzee Owor wa Sop Sop, ambaye jogoo wake aling'aa kama shuka mpya.

"Si nilikuambia?" mjomba alinong'ona. Abbo aliipokea kadi yake ya tatu kwa mikono miwili na kuiinua juu watu waione.

Mzee Owor tayari alikuwa amenyoosha mkono achukue jogoo wa serikali.

"Ngoja, mzee," alisema Okiror. "Mama wa jogoo wako ni yupi?"

"Kuku wangu ni thelathini! Nitajuaje?"

"Basi kadi ni yako, kwa uzuri wa jogoo uliyemleta. Lakini huyu wa mbegu hatakwenda mahali ambapo hatujui atampanda nani. Atakwenda Kiyeyi."

Mzee Owor aliondoka akinung'unika. Abbo alimkumbatia jogoo mpya kwa nguvu hadi jogoo akalia.

Jumapili, yule jogoo wa uzi mwekundu aliingia chunguni. Abbo alimfungua uzi mwenyewe, akafuta macho, akampeleka jikoni bila kuambiwa. Tangu siku hiyo, mayai ya Malkia yalikuwa ya kuliwa tu.

Chakula kilipoiva, mjomba alisogeza sahani yake kungojea firigisi. Kwa desturi ilikuwa ya mgeni wa kiume, na hakuna msichana wa Kiyeyi aliyewahi kuigusa. Mama aliichota, akaipitisha mbele ya pua ya mjomba, akaiweka katika sahani ya Abbo.

"Dada! Firigisi kwa mtoto wa kike?"

"Kwa mfugaji," alisema mama. "Ukimng'oa kuku manyoya, unadanganya macho ya watu kwa siku moja. Mwaka unaofuata vifaranga watasema kweli yote. Binti yangu aliisema mapema, mbele ya watu, huku wakimcheka. Kula, Abbo, isipoe."

Abbo akala.