Sauti Katikati ya Spika

Zabroni wa Kitangari, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alinunua stirio enzi za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, ikisikika mpaka Msumbiji! Ili spika zilingane na masikio yake, akapindua vinu, akaziweka juu.

“Baba Stella, hicho kinu cha marehemu mama! Hakipinduliwi!”

“Mama Stella, huu muziki, siyo ugali.”

Akafunga madirisha, giza totoro. Mwimbaji akasikika katikati ya spika, kama amesimama pale ukutani, mkekani alipolala mtoto. Zabroni akachomoa betri, muziki ukakatika. Pale katikati pumzi nzito ya mtu mzima ikaendelea, inavuta, inashusha. Akapapasa gizani, akamvuta Stella kwake. Mtoto akaja, ila mkono mmoja ukabaki umenyooka kuelekea ukutani, umeshikiliwa.