Miwa Iliyochomwa Kabla ya Trakta

Kwetu Navakholo, siku hizo kila mtu alipandanga miwa. Baba yangu, Makhanu, ambaye watu walimwita Baba Wangila kwa jina langu, alipanda mpaka ukutani kwa jikoni. Mahindi tulikuwa tunanunua sokoni. Mama alichoka na hiyo maneno.

"Baba Wangila, tutakula obusuma ya unga wa kununua mpaka lini?"

"Ngoja miwa iende kiwandani."

Lakini trakta ya kiwanda haikuja. Miwa ikapitisha wakati wake. Watu walikuwa wanasema ukichoma shamba, kiwanda kitakuja mbio, kwa sababu miwa iliyoungua haingojangi. Baba akaamini. Akawasha moto. Moto ukala shamba lote, ukabakisha kipande kidogo huko chini karibu na mto.

Kesho yake mvua ikanyesha. Barabara ikawa matope, trakta zikakwama mbali. Tukakaa tu siku kadhaa, tunaangalia barabara.

Jirani yetu Erastus alifanya kazi kiwandani, mahali wanapima maji ya miwa. Alikuja, akakata muwa mmoja, akanusa. Akasugua maji yake kwa vidole. Yakavutika kama mrenda.

"Baba Wangila, hii imeharibika."

"Imeharibika namna gani na bado imesimama?"

"Moto ulipasua maganda. Bakteria zikaingia. Hizo ni vidudu vidogo sana, huwezi kuviona. Vinatoa kitu kinaitwa kimeng'enya. Hicho kinavunja sukari ya muwa, halafu kinaunganisha vipande vyake, vinakuwa ute. Ute unaziba mashine. Kiwanda hakiwezi kuchukua."

"Basi mimi nitapika sukari nguru," Mama alisema.

"Haitashika iwe ngumu, Mama Wangila."

Mama alipika hata hivyo. Alikoroga mpaka mikono ikamshinda. Haikushika. Akamwaga yote kwa shimo, akakaa chini hapo hapo.

Baba akachukua panga, akashuka mtoni kwa kile kipande hakikuungua.

"Nikate hii mbichi kabla nayo haijaoza."

Erastus akamfuata. "Wacha kwanza. Ukikata, umefungulia bakteria mlango. Muwa mzima, wenye maganda yake, unajilinda. Kata siku trakta iko hapa, na ipakiwe siku hiyo hiyo."

"Na tukilala njaa?"

"Ukikata leo, utalala njaa zaidi."

Baba aliweka panga chini. Tulikunywa uji asubuhi, tukakunywa uji jioni. Barabara ilipokauka, trakta ikaja. Hapo ndipo tulikata, na kabla ya jua kushuka ilikuwa imeenda. Kiwanda kikakubali yote.

Walipotulipa, Mama akanunua unga na ingokho moja, yaani kuku. Erastus akaja tukala pamoja. Baba hakumaliza chakula yake. Alikuwa anaangalia shamba jeusi.

"Erastus, kama singechoma, na hiyo yote ingekubaliwa?"

Erastus aliosha mikono polepole.

"Ingekubaliwa, mzee. Yote."